Tangi la maji ya kunywa juu ya Land Cruiser: linavyofungwa, na mambo ya kuangalia kabla hujachota



Wengi wenu mmekuwa mkiuliza kwa nini siku nyingine maji huletwa na gari dogo lenye tangi mgongoni badala ya lori kubwa mlilolizoea, na kama maji hayo ni salama. Wengine, hasa mafundi wa kuchomelea vyuma, wameuliza tangi lile linafungwaje lisivunjike njiani. Tunajibu maswali yote mawili pamoja, kwa sababu maji yakifika mabaya mara nyingi ubaya umeingia pale fundi alipounga bomba au pale dereva alipojaza tangi.

Ninyi mliowahi kuishi Kakuma mnakumbuka maji ya visima virefu kando ya mto Tarach, yakipandishwa kwenye matangi ya juu na kushuka hadi kwenye bomba la mtaa. Foleni ilikuwa ndefu, lakini maji yalitoka ardhini. Hapa Juba hali ni nyingine. Mto upo, tena mkubwa, Nile Nyeupe, ambao wenyeji huuita Bahr el Jebel. Hakuna anayeweza kusema maji hayapo. Shida ni kwamba maji hayo yana tope na kinyesi cha watu na wanyama, na sehemu kubwa ya mji haijafikiwa na mabomba. Watu wananunua maji kwa malori au kwa wachuuzi wa baiskeli wenye madumu. Wengine wanachota mtoni moja kwa moja.

Matokeo yake tumeyaona. Kipindupindu kilitangazwa Juba tarehe 15 Mei 2014, kikarudi na kutangazwa tena Juni 2015. Mlipuko ulioanza katikati ya mwaka 2016 uliendelea mpaka mwisho wa 2017. Mwezi Oktoba 2024 ugonjwa ulitangazwa upya ukianzia Renk, kaskazini kabisa, na baadaye ukafika Juba na majimbo mengine. Wakongomani na Wanyarwanda waliomo humu hawahitaji kukumbushwa habari za Goma mwaka 1994. Katika mwezi wa kwanza peke yake wakimbizi karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ardhi ile ni mawe ya volkano, visima havikuchimbika, na kambi kama Kibumba ilikuwa mbali na ziwa. Maji yalipaswa kubebwa kwa magari, na katika siku za mwanzo magari hayo hayakutosha hata kumpa kila mtu lita moja kwa siku.

Ndiyo maana tunalichukulia gari la maji kwa uzito uleule wa zahanati.

Kwa nini gari dogo?

Mvua za Juba huanza karibu mwezi wa Aprili na kwenda mpaka Oktoba au Novemba. Barabara ya lami kwenda Nimule inapitika, lakini ukiacha lami unaingia kwenye udongo mweusi, ule ambao kiangazi unapasuka na masika unashika gurudumu kama ugali wa moto. Lori lenye lita 10,000 limebeba tani kumi za maji, na uzito wa lori lenyewe haujahesabiwa. Likizama linaweza kukaa siku mbili, na siku mbili hizo watu hawaachi kunywa. Wanarudi mtoni au kwenye madimbwi. Pikapu ya Land Cruiser inayovuta kwa magurudumu yote manne inapita mahali lori haliwezi, na ikikwama watu kumi wanaweza kuisukuma.

Lakini tuseme ukweli kuhusu kiasi chake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Pikapu nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, pamoja na dereva, msaidizi na vifaa vyote. Kwa hiyo lile tangi la plastiki la lita 1,000 lililo ndani ya kizimba cha chuma, ambalo linauzwa sana mjini na kila mtu analitamani, halifai kujazwa juu ya pikapu. Likijaa linapita tani moja kabla hata dereva hajapanda. Springi zinalala, breki zinachelewa kushika, na kwenye mteremko hakuna wa kulizuia. Tangi la lita 500 ndilo lenye akili: maji kilo 500, tangi na fremu na pampu labda kilo 100, watu wawili kilo 140 au 150. Kinachobaki ni akiba kwa ajili ya mashimo ya barabarani.

Sasa piga hesabu. Kiwango kinachofuatwa na mashirika ya misaada ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Kwa kiwango hicho lita 500 zinatosha watu 33 tu. Ukihesabu maji ya kunywa peke yake, lita 3 kwa mtu, zinatosha watu 166. Bloku yenye watu 500 inahitaji safari tatu kwa siku ili kila mtu apate maji ya kunywa, na safari 15 ili apate kiwango kamili. Safari 15 haziwezekani. Gari hili ni la kuvusha siku mbaya, maji yake ni ya kunywa, na mtu asiyatumie kufulia. Kisima cha pampu ya mkono kinachofanya kazi ni bora kuliko gari lolote, na pale kilipo tunaomba kitunzwe kwanza.

Kazi ya fundi

Anza na tangi lenyewe. Liwe jipya, au liwe limewahi kubeba maji au chakula tu. Tangi au pipa lililobeba dizeli, petroli, dawa ya kunyunyizia mimea au kemikali ya kiwandani halisafishiki kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Plastiki imekwisha kuinywa ile sumu na itaitoa kidogo kidogo. Muuzaji akikuambia limeoshwa, mwachie. Chagua tangi jeusi, au lifunike kwa turubai, maana mwanga ukipenya ndani ukoga wa kijani utaota.

Umbo nalo lina maana. Tangi fupi na pana ni salama kuliko refu jembamba, kwa sababu uzito ukiwa juu gari linapinduka kwa urahisi. Likae mbele kabisa, limeegemea ukuta wa nyuma ya kabini, ili uzito mwingi uwe mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiliweka mkiani, mbele ya gari inakuwa nyepesi na usukani hausikii.

Maji hayatulii. Tangi likiwa nusu, dereva akikanyaga breki maji yote yanakimbilia mbele na kuligonga gari kama fahali. Matangi mazuri yana kuta ndani zenye matundu, za kuvunja wimbi hilo. Kama lako halina, sheria ni mbili: safiri likiwa limejaa au likiwa tupu, na kama umelazimika kusafiri na nusu, nenda mwendo wa mtu anayekimbia.

Fremu ya vyuma ichomelewe kuzunguka tangi pande zote nne na juu, kisha ifungwe kwa boliti kwenye chasisi. Usiifunge kwenye bati la bodi tu, bati litachanika. Chini ya tangi weka mpira mnene au ubao laini, kwa kuwa plastiki ikisugua chuma kwenye barabara ya mawe inatoboka ndani ya wiki chache. Juu ya fremu pitisha mikanda ya kufungia mizigo, miwili kwa uchache, na kila asubuhi ikazwe. Chomelea fremu kabla tangi halijawekwa ndani yake. Tunalisema hili kwa sababu cheche moja inatosha kutoboa plastiki.

Mahali panapovuja kuliko pote ni pale bomba linapotoka kwenye tangi. Gari linatikisika, bomba gumu halipindi, na kiungo kinapasuka. Dawa yake ni rahisi: kati ya tangi na bomba la chuma au plastiki ngumu weka kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa kama sentimita 40, ukibanwe kwa klipu mbili kila upande. Mpira huo uwe wa maji ya kunywa. Mpira wa rejeta au wa mafuta una harufu, na harufu hiyo ndiyo utakayoinywa.

Tundu la kutolea maji liwe juu ya sakafu ya tangi kwa sentimita 5 hivi, ili tope linalotulia chini lisiende kwenye madumu. Kisha weka tundu jingine chini kabisa, lenye kizibo, kwa ajili ya kuosha. Juu pawe na mfuniko mpana wa kutosha mtu kuingiza mkono na brashi, nao uwe na kufuli. Usisahau pumulio: bomba dogo lililopindwa kutazama chini, lenye wavu wa kuzuia mbu na vumbi. Bila pumulio, ukifungua koki maji yanatoka kwa kusitasita, na ukitumia pampu kuyavuta tangi linaweza kujikunja kama chupa ya soda.

Koki mbili zinatosha. Sakafu ya pikapu iko karibu mita moja kutoka ardhini, kwa hiyo maji yanashuka yenyewe bila pampu. Koki nzuri hutoa lita 7.5 kwa dakika, yaani dumu la lita 20 linajaa kwa dakika mbili na nusu na kidogo, na koki mbili zinamaliza tangi kwa kama dakika 33. Sisi tunapendelea zaidi maji yamwagwe kwa mpira mpana kwenye tangi lililosimama kambini, juu ya jukwaa, na watu wachote pale. Gari linarudi mara moja kuchukua safari nyingine, na akina mama hawasukumani nyuma ya gari lenye injini inayonguruma.

Pampu ndogo ya petroli ya kujazia ifungwe mkiani, mbali na mfuniko wa tangi, na petroli yake isikae pamoja na klorini. Hili tulirudie. Unga wa klorini ya nguvu ukikutana na petroli au oili unaweza kuwaka wenyewe. Klorini iwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ndani ya sanduku lake, mahali pakavu.

Kulisafisha kabla ya safari ya kwanza

Tangi jipya nalo linaoshwa. Sugua kwa brashi na sabuni, suuza, mwaga kupitia tundu la chini. Kisha tia maji safi mpaka robo, weka unga wa klorini wa nguvu ya asilimia 65 hadi 70 kwa kipimo cha gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ukubwa wa tangi, yaani gramu 40 kwa tangi letu la lita 500, halafu jaza maji mpaka juu. Fungua koki kidogo ili dawa iingie kwenye mabomba, funga, acha saa 24. Ikiwa kuna haraka, weka dawa mara mbili na uache saa 8. Maji hayo usiyanywe na usiyamwage mtoni wala karibu na kisima. Suuza kwa maji safi mpaka harufu kali iishe. Kazi hii irudiwe kila gari linapotoka gereji, na kila mara tangi linapotumika kwa jambo lingine lolote.

Maji yanatoka wapi?

Kama kuna kituo cha kusafisha maji, jaza hapo na usitafute njia ya mkato. Kama hakuna budi ila mto, kumbuka Nile hapa inatoka kusini kwenda kaskazini: maji ya upande wa kusini hayajapita mjini, ya upande wa kaskazini yamekwisha kupita. Jaza upande wa juu, mbali na wanaooga, wanaofua na wanaoosha magari. Mdomo wa mpira uelee kwa kufungwa kwenye dumu tupu, uwe na chujio, usiguse matope.

Maji ya mto yenye tope hayawezi kutiwa klorini hivihivi. Chembe za udongo zinawaficha vijidudu na kuila dawa. Lazima kwanza yatulizwe kwa shabu katika tangi la pembeni, siyo ndani ya tangi la gari, mpaka yawe meupe. Mpimaji wetu hutumia mrija mrefu wa plastiki wenye alama nyeusi chini: akitazama kutoka juu asiione alama, maji hayajawa tayari.

Dawa inapimwa hivi. Changanya gramu 15 za unga wa asilimia 70 katika lita moja ya maji ndani ya chombo cha plastiki, ukitia unga kwenye maji na siyo maji kwenye unga. Chukua ndoo nne za lita 20 za maji unayotaka kutibu. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia mililita 1 ya mchanganyiko katika ndoo ya kwanza, 1.5 katika ya pili, 2 katika ya tatu na 5 katika ya nne. Ngoja nusu saa. Pima kila ndoo kwa kidonge cha kupimia, kile kinachogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi, na uchague ndoo inayoonyesha kiasi unachotaka. Tangi la lita 500 ni ndoo 25 za namna hiyo, basi zidisha mara 25. Ndoo ya mililita 2 ikishinda, tangi linapata mililita 50.

Siku za kawaida, klorini inayobaki pale unapochota iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Wakati wa kipindupindu gari lijazwe na kupimwa likiwa na miligramu 2 kwa lita, ili hata baada ya jua na mitikisiko maji yafike kwenye dumu lako yakiwa bado na nguvu. Dawa inahitaji nusu saa kufanya kazi, na kwa mtu anayetoka mtoni kwenda makazi ya nje ya mji kama Gorom, safari yenyewe inatosha. Mtikisiko wa barabara, angalau kwa hili, unatusaidia kuchanganya.

Wewe unayechota

Una haki ya kumwomba msimamizi wa maji apime mbele yako. Kipimo ni cha dakika mbili. Maji yakibaki meupe, hayana dawa. Usimgombeze msimamizi, lakini usichote mpaka atie dawa na nusu saa ipite. Tazama pia kama mfuniko umefungwa na kama mdomo wa mpira unaburutwa kwenye matope. Mpira ulioanguka chini uoshwe kabla ya kuingizwa kwenye tangi au dumu.

Kuna maneno yanayorudi kila msimu kwamba klorini inazuia uzazi. Siyo kweli. Dawa hii hutumika katika mabomba ya miji mikubwa ulimwenguni, na watu wa miji hiyo wanaendelea kuzaa. Harufu ndogo unayoisikia ndiyo ushahidi kwamba dawa bado ipo. Isipokupendeza, acha maji kwenye chombo kilichofunikwa kwa saa chache, itapungua.

Maji mazuri yanaweza kuharibika katika dumu lako mwenyewe. Dumu lenye utelezi ndani lioshwe kwa sabuni na changarawe kidogo, litikiswe kwa nguvu, lisuuzwe. Lifungwe kwa kizibo. Gunzi la mahindi au karatasi ya nailoni havifai. Kikombe cha kuchotea kisiingie ndani. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na baada ya kumsafisha mtoto.

Mtu akianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, usingoje kesho. Mpe maji ya chumvi na sukari papo hapo, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji salama, vijiko vilivyosawazishwa, na aendelee kunywa njiani mkimpeleka zahanati, hata kama ni usiku. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Mafundi wa kuchomelea, pamoja na ninyi mliosomea ufundi kwa Don Bosco kule Kakuma, na madereva wenye leseni, wapeleke majina kwa wenyeviti wa bloku zao. Fremu za matangi zinahitaji kukaguliwa na kukazwa kila wiki msimu wote wa mvua, na tungependa kazi hiyo ifanywe na watu wanaokunywa maji hayo.